Gereji ya chini ya mwembe Machomane, Chake Chake, kufungua pampu ya vakyumu ya Canter: nyota nne, ya tano nimeizuia

Asalam alaykum. Haya jamaa wa Konde ulonisumbua wiki nzima na simu zako, vipi breki ushatengeneza, vipi pampu kafungua nani, vipi shilingi ngapi, naandika yote hapa mara moja, usome wewe na wasome na wengine wenye gari kama zetu, alafu usinipigie tena nikiwa nala.

Gari yenyewe wengi mnaijua, Canter ya injini 4D33, ile ya betri mbili volti 24, siku za kawaida inabeba mchanga na tofali, msimu ukifika asubuhi inapeleka wachumaji shamba na jioni inapeleka magunia ya karafuu ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu. Na ni gari ya Pemba, sio ya Unguja, nasema hivo makusudi. Unguja kwenyewe tambarare, mtu anaweza akaendesha na breki nusu akafika Makunduchi anasikiliza taarab, lakini huku kwetu ukitoka Chake kwenda Wete ni kupanda kilima kushuka bonde, kupanda kilima kushuka bonde, breki ndo roho yako na ya watu wengine.

Msimu ulipoanza tu na gari ikaanza vitimbi. Kwanza taa ya chaji. Nikiwa nimesimama inawaka, nikikanyaga mafuta inazima, mie nkasema hizi betri tu zimechoka, nkanunua mbili mpya. Khasara ya kwanza hiyo. Wiki ya pili pedeli ya breki ikaanza kuwa ngumu, sio kwamba breki hamna, unakanyaga kama unakanyaga jiwe la msingi, gari inasimama lakini inasimama pale inapotaka yenyewe. Na ile eksozi breki, ya kuziba njia ya moshi gari ipungue mwendo, nayo kimya, unaiwasha kama hujaiwasha.

Siku ilonitoa jasho hasa nilikuwa nashuka mteremko mmoja njia ya Wete, nina mchanga nusu bodi, mbele pembeni ya lami watu wameanika karafuu zao kwenye majamvi kama kawaida ya msimu na bibi mmoja kainama anazigeuza kwa mkono. Nimekanyaga, wapi. Nkakanyaga kwa miguu yote miwili mpaka nimenyanyuka kwenye siti, nkapiga gia ya pili injini ikalia kama ng'ombe, utingo wangu keshafungua mlango nusu anataka kuruka (huyu ntamuuliza siku moja alikuwa anakwenda wapi). Gari ikasimama tairi la mbele liko juu ya ncha ya jamvi. Bibi kanitizama, kazitizama karafuu zake, kasema, "Haya mwanangu, rudi nyuma nikunje jamvi langu." Basi. Wallahi angenitukana ningejisikia afadhali.

Gereji ya kwanza nilokwenda siitaji. Kijana pale kakanyaga pedeli mara mbili, hajafungua kitu hajapima kitu, kasema "masta silinda hiyo." Nkanunua hicho chombo kinachosukuma oili ya breki, wakafunga, wakatoa hewa kwenye njia za breki za tairi zote, chupa mbili za oili ya breki, pedeli vilevile. Gereji ya pili nayo siitaji, wao walisema busta, kile chombo cha kuupa nguvu mguu wako kwenye breki. Na muuza spea mmoja nkampigia simu yeye kasema nisijisumbue kufunguafungua, ninunue alteneta nzima, ile ya kuchaji betri, na pampu yake ya vakyumu nyuma, used ya Dubai, laki nne na nusu, na kama tatizo halijaondoka ndo hapo tununue busta. Tununue. Mie na yeye, kwa pesa yangu.

Kwa Maalim nilipelekwa na mzee mmoja barazani kwenye kahawa, kanisikiliza nalalamika mpaka kikombe kimepoa alafu kaniuliza swali moja tu, "Kuna yeyote alopima?" Nkasema hakuna. Kasema nenda Machomane, ulizia Maalim wa chini ya mwembe. Jina hilo la Maalim ni kwa sababu jioni anasomesha chuoni, na ndo maana ukipeleka gari alasiri hutomkuta. Kibao cha gereji hakuna, alama yake ni kichwa cha Isuzu kimewekwa chini hakina injini, kuku wanataga ndani yake. Mie nilipofika nilitaka kurudi, sema kweli.

Sasa hapa ndo sababu ya kuandika. Huyu mzee hakushika spana. Kanisalimia, kaniuliza gari inafanyaje, kaniambia, "Panda. Zima injini. Kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu, mguu usiutoe. Haya sasa washa." Nkawasha. "Imeshuka?" Nkamwambia haijashuka, iko palepale. Kasema ingekuwa vakyumu ipo, yaani ule mvuto wa hewa unaoisaidia breki, pedeli ingezama kidogo chini ya mguu wako bila ya wewe kuisukuma. Kipimo hicho ni bure, hakitaki fundi hakitaki chombo, wewe wa Konde kafanze leo hapohapo ulipo kabla hujamaliza kusoma.

Alafu injini ikiwa inanguruma kachomoa mpira wa vakyumu unaotoka kwenye pampu kanambia weka dole gumba. Nkaweka. Inavuta, lakini inavuta kama mtoto mchanga alokwishashiba. Akaleta geji yake, ya zamani kioo kimepasuka, kaichomeka, mshale ukafika kwenye 200 na kitu ukakaa. Kasema pampu isokuwa na ubovu inatakiwa ipite 600, milimita za zebaki hizo, na huku kwetu usawa wa bahari hewa yote ni 760, kwa hivo yako wewe inafanya kazi kwa hisani tu. Dakika kumi, na tatizo lishajulikana liko wapi. Gereji mbili kabla yake siku tano, na masta silinda mpya juu.

Nkamuuliza Maalim, mbona gari ya petroli haina pampu hii na breki zake laini? Kafurahi kuulizwa, na ukimfurahisha ujue chai itapoa. Kasema petroli ina kile kipepeo kwenye njia ya hewa, ukiachia mafuta kinaziba, injini inataka kuvuta hewa haipati, basi pale kwenye manifoldi vakyumu inakuwepo yenyewe, wanaitia mpira wanaipeleka kwenye busta. Dizeli kipepeo hana. Anavuta hewa yote anayotaka, kinachopimwa ni mafuta, kwa hivo vakyumu ya bure hapo hamna na lazima itengenezwe. Na kwenye injini yangu pampu ya kuitengeneza imefungwa mgongoni mwa alteneta, shafti moja, mkanda ukizungusha alteneta unazungusha na pampu. Na eksozi breki nayo inavutwa na vakyumu hiyohiyo. Hapo ndo nkafahamu kwamba taa ya chaji na pedeli na eksozi breki walikuwa wananambia neno moja watu watatu, na mie nkaenda kununua betri.

Kufungua kwenyewe kulikuwa kesho yake, yaani kesho yake ya Maalim, ambayo kwa kalenda ya kawaida ni keshokutwa. Nilikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa natizama mwanzo mwisho na nawaambia si kazi ya kutisha, ni kazi ya kutulia. Kaanza kunyanyua kabini na kuifunga kwa pini yake vizuri, alafu waya wa hasi wa betri akautoa kabla ya kitu chengine chochote, kwa sababu pale nyuma ya alteneta kuna waya nene una umeme wa betri moja kwa moja na spana ikigusa bodi utaona nyota mchana. Alafu, hili sijaona fundi mwengine kulifanya, kachukua brashi na dizeli kidogo kaosha eneo lote la pampu na mipira yake kabla ya kulegeza hata bolti moja, kasema njia za oili zikiwa wazi mchanga ukiingia utakwenda kwenye injini, na gari yako kazi yake mchanga, sasa fikiria. Nkapiga picha kwa simu kila mpira unavokaa. Iko mitatu, mmoja wa vakyumu wa kwenda kwenye busta, kipaipu chembamba cha kuleta oili kutoka kwenye injini ambacho kimefungwa na bolti yenye tundu na washa mbili za shaba (vile vipete bapa vya kuzibia), na mpira mnene wa chini wa kurudisha oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pampu hii inalainishwa na oili ya injini, inaingia inazunguka inatoka. Shikeni hapo penye inatoka.

Kasema pampu peke yake angeweza kuitoa bila kushusha alteneta, bolti tatu tu, lakini nafasi ni finyu na yeye anataka kuiona sili ya nyuma, kwa hivo kalegeza mkanda kaishusha yote. Bolti mbili zikatoka, ya tatu ikakataa. Hapa kijana wake alishashika nyundo, Maalim kamtizama tu, kijana kairudisha. Wakaipulizia dawa ya kutu, wakaenda kunywa chai na mandazi, wakarudi ikatoka kwa mkono. Na kuitenganisha pampu na alteneta hakutia bisibisi katikati kubanja, kagonga pembeni na kipande cha mti, tok tok tok huku anaizungusha, kasema ukitia bisibisi unakwaruza uso wa aluminiamu na hapo oringi mpya, ile pete ya mpira, haitoziba, oili itavuja mpaka uuze gari.

Ilipoachia kaikinga na kitambaa kwa sababu yale mabapa ya ndani huwa yanaanguka. Yako matatu, yanakaa kwenye mifereji ya rota, pampu ikizunguka yanatupwa nje yanakwangua ukuta na ndo yanavuta hewa. Yangu moja limemeguka ncha na mawili yamenasa kwenye mifereji yake, oili imeganda imekuwa nyeusi inanata kama halua ilosahauliwa kabatini. Bapa lisilotoka nje litavuta nini? Na nyuma, sili ya alteneta imeshindwa, oili imeingia mpaka kwenye kaboni, zile za kupitishia umeme ndani ya alteneta, ndo ile taa ya chaji.

Fundi wa kawaida hapo angesema pampu imekufa leta nyengine. Maalim kachukua ule mpira mnene wa kurudishia oili kautia mdomoni, hajali hata uchafu, kapuliza. Haupitishi. Kauchana kwa kisu katikati. Ndani umevimba, tundu limebaki ukubwa wa sindano ya mkeka. Kaunusa, kaubonyeza, kaniuliza, "Nani kakufungia mpira wa maji kwenye njia ya oili?"

Jamaa, ni mie. Mwaka jana ule wa asili ulipasuka tuko shamba, mie na utingo tukakata kipande cha mpira wa rejeta ulobaki nyumbani tukafunga na klipu mbili, tukajiona mainjinia. Mpira wa maji ukikaa na oili ya moto unavimba kwa ndani. Oili ikawa inaingia kwenye pampu haina pa kutokea, pampu ikajaa, mabapa yakawa yanapiga oili badala ya hewa mpaka moja likavunjika, na iliobaki ikajitafutia njia kwenye sili ikaingia kwenye alteneta. Sasa piga hesabu, lau ningemsikiliza yule wa laki nne na nusu, alteneta nyengine ingefungwa kwenye mpira uleule na baada ya miezi michache ningerudi kwake, na yeye angesema "used ndo zilivo kaka."

Ukuta wa ndani wa pampu Maalim kaupitishia ukucha duara zima. Kasema ukucha ukikwama kwenye mfereji itupe, usipokwama inaishi. Haukukwama. Kwa hivo tukaagiza kiti kutoka Unguja. Nyie wa spea mnajua kiti ni nini lakini mke wangu alinisikia kwenye simu nasema "niletee kiti cha pampu kwa boti" kaniuliza kiti gani hicho cha kukalia kinatoka mjini, huku kuna maseremala tele. Ni kipakiti tu, mabapa matatu, oringi na sili. Kimekuja siku ya pili, nkakifuata Mkoani bandarini.

Siku ya kufunga mvua. Gereji haina paa, ina mwembe, na mwembe si paa. Siku nzima imepotea na hiyo ni sehemu ya nyota yangu ilozuiliwa. Kesho yake wameosha kila kitu, kaboni mpya, sili mpya, mabapa yakarudi ile ncha ya mviringo inatazama nje kwenye ukuta (kijana alilitia moja kinyume, Maalim kalitoa bila kusema kitu, huyu mzee anafundisha kwa macho). Washa za shaba hazikuwemo kwenye kiti na dukani hawana saizi ile, mie nshaanza kukata tamaa, Maalim kazichukua zile za zamani kenda nazo kwa mama muuza chapati jirani kazitia kwenye jiko la mkaa mpaka zimekuwa nyekundu, kazitoa na plaizi kazitumbukiza kwenye maji. Shaba ikifanywa hivo inakuwa laini upya na inaziba kama mpya. Mama kasema tu msinitilie harufu ya oili kwenye chapati zangu. Chapati zake nzuri kwa kweli, nazo nazipa nyota tano.

Kabla ya kufunga kamimina oili safi kidogo ndani ya pampu isije ikaanza kuzunguka kavu, kaizungusha puli kwa mkono kuhakikisha haikwami, mpira wa kurudishia sasa mpira wa oili wa kweli, hauna kona ya kukunjika. Vali ya njia moja ya kwenye mpira wa vakyumu nayo kaipuliza pande zote mbili, upande mmoja inapita upande mmoja inakataa, iko sawa. Tukabadilisha na oili ya injini maana ile ya zamani nilikuwa nimeshapitisha wakati wake, hilo alilisema kwa sauti ya chuoni. Tukawasha. Geji ikapanda, ikapita 600 ikakaa juu kimya. Nkapanda, nkafanya kile kipimo cha kuzima na kukanyaga, nkawasha, pedeli ikazama chini ya mguu wangu taratibu. Nilicheka peke yangu ndani ya kabini.

Pesa: ufundi elfu 70, kiti elfu 65, kuletewa na boti elfu 5, mpira wa oili elfu 12, kaboni elfu 15. Jumla 167,000, oili ya injini mbali. Vitu vyote vya zamani kanirudishia kwenye kopo la maziwa, pamoja na ule mpira nilofunga mie, huo kausisitiza. Na masta silinda yangu ya zamani aliikagua akasema ilikuwa nzima, niiuze. Asante.

Sasa mabaya, kwa sababu mtu akisifia tu watu wanasema kalipwa. Ahadi zake za siku usizitie kwenye bajeti, kazi ya siku moja na nusu imechukua siku sita ukihesabu boti na mvua na kesho zake. Simu inazimwa toka asubuhi mpaka Isha. Risiti hakuna, ukitaka risiti andika mwenyewe. Pa kukaa ni ndoo. Na yule kijana kapoteza bolti moja ya pampu, zile tatu, kaniwekea nyengine ya kichwa tofauti, nimeiona nilipofika nyumbani. Nkarudi kumwambia, Maalim kaikagua kasema urefu ule ule, meno yale yale, inashika, lakini kweli si yake na ntakutafutia. Imeshika mpaka leo, haivuji, karibu mwezi sasa nimebeba magunia na mchanga na nimeshuka ule mteremko sijui mara ngapi. Lakini kila nikinyanyua kabini naiona inaning'aria pale, mbili nyeusi moja nyeupe.

Ukenda nenda kabla ya saa tatu asubuhi, mwite Maalim usimwite fundi, na usimwambie wewe tatizo ni nini, mwambie gari inafanya nini. Jamaa wa Konde, lete yako Jumatatu, mie ntakuwepo pale, naifuata bolti yangu.